Doa la Bibo

Salome wa Kitangari ana ulimi mkali, na kwaya nzima tunamwogopa. Yeye ndiye anayetukaripia tukichelewa mazoezi. Kwa hiyo juma lile aliposimama kando yangu bila kuimba, nilijua kuna jambo.

Jambo lenyewe gauni. Aliliagiza kwa simu kutoka duka moja la mtandaoni la Dar es Salaam, akalivaa kwenye jubilei ya sista kule Ndanda. Wakati wa kurudi, pikipiki ilisimama penye mikorosho, naye akaokota bibo, lile tunda la korosho, akalifyonza. Huku kwetu hata mtoto anajua: bibo unalila umeinama, nguo umeikusanya, maana maji yake yakidondoka doa halitoki mpaka nguo ichakae. Salome, kwa maringo ya gauni jipya, alilila amesimama wima kama bibi harusi.

Kesho yake akapiga picha ya doa, akawatumia wenye duka: limekuja chafu, nataka lingine. Ndiyo, huyo huyo wa kutukaripia! Hawakubisha. Gauni lingine likaja na basi, na ndani yake kikaratasi: "Mama, nisamehe. Mimi ndiye niliyefunga mzigo. Bosi amesema nikikosea tena niondoke. Rukaiya."

Tangu hapo hakutulia. Alikwenda kuteka maji, akarudi na ndoo tupu. Gauni alilitoa kwenye mfuko, akalirudisha, akalitoa tena. Jumamosi alifika mpaka kwenye foleni ya kitubio, akageuka, akanijia nyumbani anahema, akanieleza yote.

"Mama Basil, nitamwambiaje padri kabla sijamwambia binti wa watu?"

"Simu si unayo?" nikamjibu. Nilikuwa nimekasirika, sifichi.

Akapiga. Akasema yote mbele yangu: aliyelichafua ni yeye, gauni jipya analirudisha, binti hana kosa. Bosi alifoka wee, mwisho akampa Rukaiya simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nisamehe, nilikusingizia."

"Nilijua, mama. Mimi mtu wa Lisekese, huko huko kwenye mikorosho. Ile picha nilipoiona tu, nikajua ni bibo."

"Sasa mbona hukusema?"

"Ningesema, angeaminiwa nani? Mimi au mteja?"

Binti akakata simu. Salome akainuka, akarudi kanisani kupanga foleni ya kitubio.