Dhiraa ya Mjomba

Mjomba wangu tulimwita Dhiraa, na jina hilo alilivaa kama cheo. Miaka ishirini na mbili alikata waya wa shaba wa kutengenezea bangili bila rula. Ncha moja aliibana kwenye kiwiko, akaunyoosha waya juu ya mkono wa kulia, akakata pale kidole cha kati kinapoishia. Urefu huo ndio uliofaa mashine yetu ya kusokotea, kutoka kwenye jiliwa linaloshika waya hadi kwenye ndoano inayozunguka. Mwanamke mwenye karakana akimletea rula, Mjomba anacheka. "Mama, hiyo kampimie mtoto sketi."

Mimi nilizungusha mpini wa mashine. Miaka sita, bega linaniwaka moto, na kiti cha mkataji kina mto. Nilikitaka kile kiti, sioni haya kusema.

Siku moja ndoano ikamnasa, ikaondoka na pingili ya juu ya kidole kilekile. Alikaa nyumbani wiki tano. Aliporudi, mwenye karakana alimwambia mbele yetu sote, "Nimekusubiri kwa sababu ni wewe. Bunda hili la waya ndilo la mwisho, na mteja anakuja kesho. Ukiliharibu, tusilaumiane."

Akaanza kukata. Kiwiko, mkono, kidole, koleo. Asubuhi tunakata, mchana tunasokota. Ndivyo alivyotufundisha mwenyewe. Nikaokota waya mmoja, nikaulaza kando ya wa zamani. Ulipungua pingili moja. Alikuwa amekata kumi na mbili tu, bunda lilikuwa bado zima.

Akaniona. "Vipi mpwa wangu, kuna kasoro?"

"Hakuna, Mjomba. Mkono wako ni uleule."

Uso ukamchanua, maskini. Alipiga mluzi mpaka bunda likaisha.

Mchana nikazungusha mpini. Waya wa kwanza ukachomoka kwenye ndoano. Wa pili pia. Wa kumi pia. Alitazama mashine, akatazama waya, mwisho akatazama kidole chake. Mimi nilijibana nisicheke; mwenzetu anayeng'arisha bangili hakujibana.

"Mama, nitapima kwa wa kushoto," alisema. "Huu mzima. Nipe nafasi moja tu."

"Hebu ulaze hapa mezani."

Aliulaza haraka, akidhani kasamehewa. Mwenye karakana akachukua msumari, akachora mezani mstari penye kiwiko na mwingine penye ncha ya kidole.

"Asante. Mkono sasa tunao. Wewe nenda nyumbani."

Mlangoni aliniuliza kwa sauti ya chini, "Mpwa wangu, kweli hukuona?"

"Sikuona, Mjomba."

Nikaukung'uta mto, nikakaa. Mistari ile miwili ipo mpaka leo. Napimia hapo kila asubuhi, na sijawahi kukosea hata waya mmoja.