Suruali Niliyoishona kwa Chuki

Yule mteja nilimchukia kabla hajavuka kizingiti cha kibanda changu cha ushonaji.

Kosa lake? Alinitazama viatu kwanza.

Miaka thelathini na sita iliyopita, msimamizi wetu kiwandani alikuwa akinitazama hivyo hivyo. Siku moja, mbele ya wenzangu, akaniamuru nisome tangazo ukutani. Sikujua kusoma. Walicheka mpaka wakashika mbavu.

Wiki ile ile nikaanza shule ya jioni. Herufi zote nikazijua, lakini kicheko kile hakikunitoka.

"Fundi, nataka suti. Jumamosi naivaa," mteja akasema. Salamu hakuna.

"Utaivaa," nikajibu. "Na utanikumbuka."

Nikampima kwa adabu zote. Kisha mshono wa makalio nikauacha na bandi tu, ule uzi wa kushikiza nguo kwa muda kabla ya kupiga cherehani. Akisimama, bwana mkubwa. Akikaa, kwisha habari yake.

Ijumaa akaichukua. Nilicheka peke yangu mpaka nyumbani.

Jumamosi wakaja watu wa kumposa binti yangu. Aliyewaongoza ni mjomba wa kijana.

Yule yule. Ndani ya suti yangu.

Binti yangu, uso umejaa furaha, akamvutia kiti. "Karibu ukae, mjomba."

"Asikae," nikasema.

Mke wangu akaninong'oneza, "Baba watoto, unataka kumvunjia mtoto ndoa?"

Nikamshika mgeni mkono, nikamwingiza chumbani, nikamweleza yote huku natunga uzi kwenye sindano. Alisimama pembeni amejifunga shuka la kitanda changu.

Nilingoja matusi. Akasema polepole, "Mzee, siku ile nilikuja na salamu mdomoni. Nikaona miwani yako na hiyo sura ya ukali, nikamwona mwalimu wangu. Yule ukimtazama usoni, fimbo. Macho yakaenda chini yenyewe."

Sindano ikanichoma kidole.

"Alikuumiza sana?"

"Nilikimbia shule kwa sababu yake. Na huyo msimamizi wako?"

"Mimi alinifanya niianze."

Tukacheka mpaka mke wangu akagonga mlango. Tukatoka, mjomba akakaa, posa ikapokelewa.

Msimamizi yule sijamsamehe, wala sina mpango huo. Hasira yake namtunzia mwenyewe.

Lakini wewe unayesoma hapa, ukimchukia mtu ambaye hamjawahi hata kusalimiana, hakikisha kwanza kwamba ni yeye.