Kichwa Kitoke Mwisho

Nilishuka Mbamba Bay kwa shangazi ili niandike kitabu, nikajikuta najifunza kupinduka.

Aliyenifundisha tulimwita Bwana Samaki. Alikuwa afisa uvuvi aliyehamishiwa pale kutoka Kanda ya Ziwa, na siku lori lilipoleta vyombo vyake, juu ya magodoro na kabati zilifungwa kayaki mbili, mitumbwi midogo ya plastiki, moja nyekundu na moja ya njano. Alijifunza kuziendesha ujanani, kwenye maporomoko ya Nile huko Uganda. Watu wa ufukweni waliziangalia wakauliza samaki wanawekwa wapi. Alipojibu kwamba hawawekwi popote, maswali yaliisha.

Kayaki ya mtoni ni fupi, imefunikwa juu, na ina tundu moja la kukalia. Ukishaingia unavaa sketi ya mpira inayobana kiuno na kuziba lile tundu, maji yasiingie. Ikipinduka unaning'inia kichwa chini majini kama popo. Hapo una njia mbili: uvute sketi, utoke, uogelee, au ubaki humo humo uigeuze, uibuke nayo. Ziwani kutoka ni aibu tu. Mtoni, kwenye mawe na maji yanayokimbia, anayetoka ndiye anayeumia.

Na mimi niliutaka mto. Unapita bondeni chini ya nyumba ya mama, huko milimani upande wa Litembo. Nilipokuwa mtoto niliuvuka kila siku juu ya gogo kwenda shule. Kijijini kwetu kila mtu aliuvuka, na hakuna niliyemjua aliyewahi kwenda nao. Ukisimama juu ya gogo unauona unakata kona nyuma ya mashamba ya kahawa, halafu basi. Nimekua nikiitazama kona ile. Bwana Samaki alikuwa ameshauteremka kipande kirefu, nikamwomba anipeleke.

"Asiyeweza kujiinua pande zote mbili simpeleki," alisema. "Hata angekuwa mama yangu mzazi."

Tulianza asubuhi na mapema, kabla upepo wa mwera haujaamka, mbele ya vichanja vya wanawake waliokuwa wakianika usipa, wale dagaa wadogo wa ziwa letu. Binamu yangu, mtoto wa shangazi, alikuwa mvuvi, na alihamishia kazi yake ya kushona nyavu karibu na sisi ili asikose kitu.

"Dada, sisi tunasali tusipinduke, wewe unajipindua mwenyewe?"

"Mwache anywe ziwa," alisema mama mmoja wa usipa. "Kwao milimani hakuna."

Mbinu ya kwanza tuliiita fagio. Ukiwa umepinduka unainama mbele, pua karibu na kayaki, kasia limelala ubavuni. Kisha unalifagilisha juu ya uso wa maji, kutoka mbele kwenda pembeni, huku goti la upande huo likiinua chombo. Kasia linakupa mahali pa kuegemea tu. Kazi yenyewe iko kiunoni.

Nilifagia. Nikaona milima, anga, binamu yangu na sindano yake ya nyavu, kisha nikarudi chini.

"Kichwa!" Bwana Samaki alipiga kelele nilipovuta sketi na kutoka nikikohoa. "Kichwa kitoke mwisho!"

Alinieleza akiwa amesimama kwenye maji ya kifuani, mikono yake kiunoni kwangu. Kichwa ni kizito. Kikitoka kwanza, mwili wote unafanya kazi ya kukibeba, na kiuno kinashindwa kumaliza yake. Kwa hiyo sikio lilale begani kama mtu anayesinzia, chombo kigeuke kwanza, mwili ufuate, na kichwa kije nyuma ya vyote. Nilimwelewa kabisa. Nikapinduka tena, na kichwa changu kikatoka kwanza tena.

Akadhani tatizo ni mbinu, akanipa nyingine. Tuliiita upinde. Hapa hufagii: unalipeleka kasia pembeni mpaka lisimame kama mkono ulionyooshwa, mwili umejikunja kuelekea juu, kisha unaukunja upande wa pili kwa mkupuo mmoja. Inafaa mahali pembamba, alisema. Ikanifikisha palepale. Akanifundisha na ya mgongo, ya wakati maji yamekutupa nyuma ukalala chali juu ya kayaki na huna nafasi ya kurudi mbele. Hiyo ni ya haraka, na inaacha uso wazi kwa mawe, kwa hiyo haina kujaribujaribu. Mikono ikazoea, magoti yakazoea. Nikawa nazijua mbinu tatu za kufika nusu.

Jioni nilijifunza kitandani, sikio begani, mpaka shangazi akaniuliza kama shingo inauma anichemshie maji.

Ndipo Bwana Samaki akaja na habari. Alinikuta nikisaidia kuanua usipa.

"Nimehamishwa tena. Mwisho wa mwezi naondoka."

"Na kayaki?"

"Ulitaka nimwachie nani, huyu?" Alimwonyesha binamu kwa kidevu. "Atazifugia kuku."

"Bata," alisema binamu. "Hiki ni chombo cha majini."

Niliwaacha wacheke. Mvua zilikuwa zimekatika na maji ya mtoni yalikuwa yanapungua. Bwana Samaki alisema angeuteremka mara ya mwisho Jumamosi moja kabla ya kufunga mizigo, pamoja nami au bila mimi.

Katikati ya wiki nilikwenda kumwona mama. Nilipanda basi dogo mpaka Mbinga, nikamalizia kwa bodaboda. Asubuhi nikachukua ndoo kwenda mtoni, kama zamani. Njia ya kurudi inapanda kati ya kahawa na ngoro, yale mashimo tunayochimba mteremkoni ili mvua isibebe udongo. Nilikuwa nimefika katikati, ndoo kichwani, mikono imeachia, jirani mmoja akaniita kutoka shambani.

"Mwanangu! Umekuja lini?"

"Shikamoo mama! Jana."

Nilikuwa nimegeuka kumwangalia. Nilianza na miguu, kikafuata kiuno, kisha mabega, na shingo ikazunguka navyo vyote kama nguzo. Maji hayakumwagika. Jirani alirudi kwenye jembe lake, mimi nikabaki nimesimama palepale njiani. Nilikuwa na umri wa kuanza shule nilipowekewa kichwani kopo la kwanza, na kutoka hapo vikaja ndoo, kuni, na mahindi ya kupeleka mashineni. Jiwe liteleze, mguu uzame kwenye ngoro, kichwa kinabaki juu. Mengine yote yanajipanga chini yake. Sikuwahi kuambiwa hivyo. Shingo ilijifunza yenyewe, na ndiyo iliyokuwa ikinitoa majini kichwa kwanza.

Nilipomsimulia Bwana Samaki alicheka mpaka akakaa mchangani.

"Kumbe muda wote huu nabishana na ndoo!"

"Sasa nifanyeje?"

Alifikiri kidogo, akaushika mkanda wa jaketi langu la kuokolea, pale unapopita begani. "Kipe kichwa kazi nyingine. Ung'ate huu. Upande unaoibukia, ng'ata mkanda wa upande huo, na usiuachie mpaka umekaa wima."

Nikapinduka nikiwa nimeuma mkanda. Ulikuwa na ladha ya chumvi ya jasho la watu wengine. Nikafagia, goti likainuka, na kayaki ikageuka chini yangu kwa wepesi ulionitia hasira, kwa kuwa muda wote huo ilikuwa tayari kufanya hivyo. Wanawake wa usipa wakapiga vigelegele. Binamu aliangusha sindano yake ya nyavu.

Upande wa kulia ulikubali siku hiyohiyo. Wa kushoto ulinitesa mpaka Ijumaa. Jioni ile nilikuwa nimekaa kwenye kayaki karibu na ufuko, shangazi akatokea na beseni lake.

"Shika—" nilianza, na Bwana Samaki, aliyekuwa amezama nyuma yangu, akanipindua.

Nilitafuta mkanda kwa meno, nikaupata wa kushoto, nikaibuka upande huohuo, nywele zimenifunika uso.

"—moo, shangazi."

"Marahaba," alisema shangazi. "Mwambie huyo mwenzio watu wakisalimiana waachwe wamalize."

"Kesho saa kumi na mbili," alisema Bwana Samaki.

Tulianzia mbali juu ya kijiji chetu. Binamu alifuata ukingoni na kamba ya kuokolea, akilalamika umande. Maji yalikuwa baridi kuliko ziwa na yalikuwa na kelele, sikutegemea kelele. Mahali penye maporomoko makubwa ilibidi tutoke na kupita nchi kavu. Bwana Samaki aliikokota kayaki yake kwenye majani, akihema. Mimi nilimwomba binamu shati lake, nikalisokota ngata, nikaitwika yangu kichwani na kushuka nayo mteremko mikono imeachia.

"Leo ibebe," Bwana Samaki alisema nyuma yangu. "Ukirudi majini uitue, pamoja na ile ndoo yako."

Nikaitua. Lakini tulipokaribia gogo la utotoni sikuweza kujizuia. Sikuwahi kuliona kutoka chini. Lilikuwa na kuvu nyeupe tumboni, na mizizi midogo ikining'inia. Niliinua kichwa kulitazama likipita juu yangu, shingo imenyooka kama nguzo, na kayaki ikagonga jiwe.

Kukawa kimya. Nilijua niko wapi: chini, kichwa kikielekea mawe, maji yakinivuta. Niliinama mbele, nikauma mkanda wa kulia, nikapeleka kasia lifagie. Likagota jiwe likakataa. Jiwe jingine likagonga kofia yangu ngumu. Mkono ukaifuata sketi, na nikaujua mkono ule: ulikuwa unakitafutia kichwa njia ya kutoka kwanza. Nikaurudisha kwenye kasia. Kulia hapakuwa na nafasi ya kufagia, na kushoto nafasi ilikuwa ya upinde tu. Nikauachia mkanda mmoja, nikauma wa pili, nikajikunja, nikapeleka kasia pembeni, na kiuno kikafanya kile ambacho kingefanya tangu siku ya kwanza kama kingeachwa.

Kelele ya maji ikarudi. Binamu alikuwa akikimbia ukingoni, kamba mkononi, akiita jina langu na la Mungu kwa zamu. Bwana Samaki alinigeukia kutoka mbele.

"Uko salama?"

Sikuweza kumjibu, nilikuwa bado nimeuma mkanda. Niliinua kasia juu ili aone, akainua lake, na mto ukatuchukua sote wawili kwenye kona.

Nyuma ya kona kulikuwa na kahawa nyingine, maji yaliyotulia, na mwanamke anafua shuka za kijani juu ya jiwe. Alituangalia tukipita, povu mikononi.

"Mnatoka wapi nyie?"

Nikauachia mkanda.

"Hapo juu tu, mama," nilisema. "Shikamoo."