Hodi ya Tatu

Watu wengi wanaoujua wimbo wa hodi wanamjua Tarumbeta, aliyekuwa akiimba sauti ya kwanza. Wanamjua pia Pipa, yule muuza nyama mwenye besi. Ukiwauliza nani alikuwa nyuma yao kwenye piano, watajikuna kichwa kidogo, kisha watasema, "Ah, yule dada." Basi huyo dada ndiye ninayetaka kumsema leo, na asiyependa aendelee na shughuli zake.

Waimbaji walikuwa wanne, wanaume watupu, na yeye wa tano. Walimwita Dada Kinanda, na jina likamganda hadi kazini kwake, kwenye duka la vifaa vya ujenzi, alikokuwa akipima misumari na kukata nyaya kutwa nzima. Vidole vyake vilijaa makovu ya mabati. Mtu akiviangalia, hata siku moja asingedhani ni vidole vya mpiga piano.

Tarumbeta alikuwa kaka yake wa tumbo moja, amemzidi umri kwa mbali. Baba yao alifariki kwanza, mama akafuata, na huyo kaka ndiye aliyemlea. Alikuwa fundi wa kunyoosha bodi za magari. Siku moja mwenye hoteli iliyokuwa ikifungwa alimletea gari lililobonyea ubavu mzima. Kaka akaligonga likanyooka, na alipoulizwa malipo akasema hataki pesa, anataka ile piano iliyokuwa ikiota vumbi ukumbini. Wakaileta nyumbani kwa mkokoteni, wasukumaji wakimlaani njia nzima. Panya walikuwa wametafuna vitambaa vyote vya ndani. Kaka akavibandika upya kwa vipande vya kitambaa cha viti vya gari, na gundi.

"Mimi naimba," akamwambia mdogo wake. "Wewe utapiga. Au unataka nikapigiwe na mgeni?"

Hakumuuliza kama anapenda. Kwa bahati nzuri, binti alipenda kuliko kula. Alijifunza kwa mwalimu wa kwaya, mama mmoja mkali asiye na dogo, na siku mwalimu alipokuwa hayupo alijifunza peke yake. Wazee wa kwaya wakaja kusema kwamba haijawahi kuonekana msichana kuongoza kundi la wanaume. Aliwasikiliza vizuri mpaka mwisho, maana ndivyo alivyo: ukimwambia jambo haliwezekani atakusikiliza kwa adabu zote. Kisha akaenda zake kwenye kiti cha piano. Walipokuwa bado wanabishana, yeye alikuwa ameshatoa noti, na wanaume wanne walikuwa wameshaanza kuimba. Kesi ikaishia hapo.

Kabla ya kila wimbo alikuwa akiitaja do kwa sauti ya wazi, kama mwalimu wake alivyomfunza, ili wote wajue wanaanzia wapi. "Do ni G," atasema, halafu atapiga. Wimbo wa hodi ulikuwa wa G tangu ulipotungwa.

Wimbo wenyewe aliutunga Tarumbeta. Msafiri amefika langoni amechoka, anabisha hodi. Hodi ya kwanza iko chini. Ya pili iko juu yake. Ya tatu iko juu kabisa, huko ambako mwanaume akifika mishipa ya shingo inamtoka. Halafu kimya. Halafu Pipa, kutoka chini huko, anajibu: "Karibu." Hapo ndipo watu wazima walipokuwa wakitoa leso. Waliurekodi redioni wakiwa bado vijana, na tangu siku hiyo hawakupumzika. Harusi waliitwa, misiba waliitwa, hata zahanati ikifunguliwa waliitwa wao.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo penye mambo. Zamani hizo walikwenda kumsikiliza mwimbaji mmoja mashuhuri aliyekwisha kuzeeka. Sauti ikamkatikia jukwaani, na watu wakacheka. Tarumbeta alirudi amenuna, na Jumapili iliyofuata akasimama mbele ya kanisa zima akala kiapo.

"Siku nitakayoshindwa na hodi ya tatu," akasema, "ndiyo siku ya mwisho kunisikia nikiimba. Sitaki kuchekwa na mtu."

Wengine walidhani ni maneno tu. Dada yake alijua si maneno. Huyu ni mtu aliyekosa penalti moja ujanani na hakuugusa mpira tena mpaka leo. Aliacha sigara kwa sentensi moja mezani. Akisema basi, ni basi, hata umlilie.

Miaka ikaenda. Dada Kinanda akaolewa na fundi mwashi aliyekuwa akija kununua misumari kidogokidogo kuliko ujenzi wowote unavyohitaji, mpaka tajiri wa duka akamwambia aseme tu kilichomleta. Wakapata watoto, na watoto walilala usingizi chini ya piano wakati wa mazoezi kama vile pale ndipo kitandani. Kisha mke wa Tarumbeta akaugua, na hakupona.

Msiba ule ulimvunja kaka vibaya. Gereji hakufungua. Nywele hakukata. Binti yake alikuja dukani akasimama katikati ya ndoo za rangi, akasema, "Shangazi, baba haongei na mtu. Anaoga siku ya mazoezi tu."

Ilikuwa kweli. Siku ya mazoezi alioga, akanyoa ndevu, akaja, akaimba, kisha akarudi nyumbani kunyamaza. Dada yake akaona wazi kwamba kamba iliyomshikilia kaka hapa duniani ni ile moja tu, na ikikatika hakuna nyingine. Akaogopa sana.

Basi kwenye harusi moja, msiba ukiwa bado mbichi, alimsikia kaka yake akipasha sauti nje, na sauti ilikuwa imechubuka. Ile hodi ya tatu asingeiweza, hata kwa miujiza. Dada Kinanda akakaa kwenye kiti, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuitaja do. Aliipiga tu, nusu sauti chini, yaani kibonye kimoja cha piano upande wa kushoto. Mwimbaji huimba anapoanzishwa, hana habari. Kaka alisimama mbele akiwatazama watu, mgongo kwa piano, akapanda hodi zake zote tatu na kuzifikia. Jioni hiyo alikula chakula sahani nzima.

Tangu siku hiyo dada hakuitaja do tena. Walipomuuliza, alisema kazi ya kupiga kelele amewaachia wao. Na kila kaka alipozidi kuzeeka, naye alizidi kushusha, taratibu, miaka kadhaa kwa nusu sauti moja, mpaka wimbo wa G ukawa unaimbwa katika E flati, nusu sauti nne chini, na Tarumbeta akiwatambia vijana kwamba hodi yake ni ileile ya ujana. Kila alipotamba hivyo, dada yake alipanga vitabu vya nyimbo vilivyokwisha kupangwa.

Na Pipa, jamani. Wimbo ukishuka, unashuka wote, kwa hiyo "karibu" yake nayo ilikuwa ikididimia mwaka hadi mwaka. Yeye akavimba kichwa. "Sauti yangu inakomaa," alikuwa akiwaambia wateja huku akikata mbavu. "Wengine wanazeeka, mimi nakomaa." Kinyozi, aliyeimba sauti ya tatu, alikuwa akimwonea wivu. Fundi saa wa sauti ya pili, yeye mara mojamoja aliangalia vidole vya Dada Kinanda, kisha akaangalia pembeni.

Redio ikawaita tena, safari hii kuadhimisha miaka mingi ya ule wimbo. Wakavaa suti. Kwenye korido ya studio mtangazaji, kijana mchangamfu anayecheka kabla hujasema la kuchekesha, akamwambia Dada Kinanda kwa furaha, "Mama, tumeipata kanda yenu ya kwanza. Nitaipiga hodi ya zamani, halafu papo hapo mtaimba ya leo. Wasikilizaji wapime wenyewe."

"Mwanangu, usiipige hiyo kanda," akasema. "Tuimbe tu."

"Nimeshaitangaza tangu juzi, mama. Watu wanasubiri."

Akageuka kumtafuta kaka yake, amvute pembeni amweleze yote hata kama ni kwa dakika moja. Lakini kaka alikuwa ameshaingia ndani, ameshavaa vile visikilizio vikubwa vya masikioni, anatabasamu. Taa nyekundu ikawaka. Ikabidi ajikaze kisabuni, akakaa kwenye kinanda cha umeme cha studio.

Kanda ikapigwa. Hodi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Tarumbeta kijana, yule wa kwenye kanda, alipanda mahali ambapo hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amefika kwa miaka. Halafu ikaja "karibu" ya Pipa wa zamani, nyepesi kama ya shemasi anayetangaza ratiba, na Pipa mwenyewe akashika tumbo akashangaa.

Tarumbeta aligeuka polepole. Hakumwangalia dada yake usoni. Aliangalia mikono yake.

"Haya, wazee wetu," mtangazaji akasema. "Tupeni ya leo."

"Dada," kaka akasema mbele ya kipaza sauti, kwa upole kabisa. "Nipe ileile. Nipe G."

Angeweza kukataa. Lakini huyu ndiye aliyembandikia piano kwa kitambaa cha viti vya gari, na katika maisha yake yote hakuwahi kumnyima alichomwomba waziwazi. Akampa G. Kaka akapiga hodi ya kwanza, nzuri. Ya pili akaifikia kwa kuivuta. Ya tatu ikapasuka katikati, ikatoka kama bati linalokwaruzwa, nchi nzima ikisikiliza.

Hakuna aliyecheka. Tarumbeta akavua visikilizio akavitundika mahali pake, taratibu, kama fundi anayerudisha vifaa mwisho wa kazi. Akafunga kifungo cha koti. Akaanza kwenda mlangoni. Dada yake akajua kwamba akiuvuka mlango ule hataimba tena, na anakokwenda ni kwenye ile nyumba ya kunyamaza.

Lakini Dada Kinanda hakuwa amenyanyua mikono. Kabla ya hodi ya tatu kuna kipande kifupi cha piano, cha kumngojea msafiri avute pumzi. Alikirudia. Akakirudia tena, na safari hii akakishusha nusu sauti, wazi, kwa vidole vizito, ili kila mwenye masikio asikie kwamba kinashuka. Akazunguka nacho, akakishusha tena. Alichokifanya kwa kujificha miaka yote hiyo, sasa alikifanya hadharani, hatua kwa hatua.

Mtangazaji akampungia mkono amalize. Hakumaliza. Akamwonyesha saa, taarifa ya habari imekaribia. Taarifa ya habari ingoje. Akafika E flati, na hapo akatulia, akazunguka na kipande kilekile cha kungojea, kikienda na kurudi, macho yake mgongoni kwa kaka yake aliyekuwa ameshashika kitasa.

"Kaka," akasema bila kuacha kupiga. "Mimi siondoki hapa."

Fundi saa akasogea akasimama mahali pake. Kinyozi naye akasogea. Pipa akajifuta jasho. Kipande kikaenda, kikarudi. Machozi yalikuwa yanamtoka dada, lakini vidole havikukosea hata kimoja, maana alikuwa ameamua kwamba wimbo huu hautamalizika bila yeye, piga ua.

Tarumbeta akasimama na kitasa chake kwa muda ambao redioni ni mrefu mno. Kisha akakiachia. Hakurudi hadi kwenye kipaza sauti, aliimbia palepale mlangoni. "Hodi," akaimba, na ilikuwa sauti ya mzee, na ilifika. Kimya. Halafu Pipa, kutoka chini kabisa: "Karibu." Kijana wa kwenye mitambo, nyuma ya kioo, aliinamisha kichwa, na habari zilichelewa siku hiyo.

Nje, kwenye ngazi, kaka hakumwambia asante wala hakumgombeza.

"Ulianza lini?" akauliza.

"Harusi ile, baada ya kumzika wifi."

Akatikisa kichwa, akatembea kidogo. "Na mimi nawatambia vijana wa watu," akasema.

"Kwa hiyo mimi sijakomaa," Pipa akasema nyuma yao kwa huzuni.

Siku ya mazoezi ilipofika, Dada Kinanda alifika mapema akakaa kwenye kiti, roho mkononi. Fundi saa akaja, kinyozi akaja, Pipa akaja. Mlango ukabaki wazi muda mrefu. Kisha Tarumbeta akaingia, amenyoa ndevu, akakohoa kikohozi kisichokuwepo, akasimama mahali pake. Lakini safari hii hakuipa piano mgongo. Alisimama akimwangalia dada yake.

"Leo nina mafua," akasema. "Nishushie kidogo."

"Na mimi je?" Pipa akalalamika. "Mkishuka tena nitaimbia chini ya sakafu."

Dada Kinanda akaviweka vidole vyake vya makovu mahali pake. Miaka mingi ilikuwa imepita tangu alipoitaja do mara ya mwisho.

"Do ni D," akasema kwa sauti, wote wakasikia, akapiga.