Uso Uliobaki Kwenye Kalibu

Shangazi yangu, tuliyemzika juma lililopita, alikuwa karani wa shule kwa miaka thelathini, lakini mtaani walimjua kwa watu wake wadogo. Aliwachonga kwa mti laini, warefu kama kidole gumba, kisha akawapaka rangi kwa brashi nyembamba kuliko njiti ya kiberiti. Siku moja kinyozi wetu alijiona kati ya visanamu vilivyopangwa dirishani kwake.

"Huyu ni mimi, Mama, ila tumbo umenionea."

"Nimelipunguza hilo," shangazi akamjibu. "Mti haukutosha."

Wateja walipozidi, nikajifunza kutengeneza kalibu ili tutoe nakala. Unaweka kisanamu ndani ya kiboksi, unachanganya silikoni na dawa yake ya kukazia, unaimimina taratibu kutoka pembeni isishike mapovu. Ikikaza unaipasua, unatoa kisanamu, unamimina plastiki ya maji pale kilipokuwa. Shangazi aliniwekea sharti moja tu: nichukue kisanamu kabla hajakipaka.

"Rangi yangu usiiguse, mwanangu."

Kisanamu cha marehemu mumewe hakikuwa cha kuuza. Mteja mmoja alikipenda, nami nikamwahidi nakala bila kuuliza. Shangazi alipokwenda ibadani nikakitoa rafuni, tayari kimepakwa. Kilihitaji vanishi ya kulinda rangi, na vanishi hukauka kwa siku nzima. Sikusubiri; nikamimina silikoni juu ya rangi tupu. Nilipoipasua kalibu, kisanamu kilitoka hakina uso. Macho, midomo, hata mvi za kwenye ndevu vilibaki kwenye silikoni. Nikakirudisha rafuni, nikakigeuza kiangalie ukutani.

Alikiona baada ya siku mbili. Akakaa nacho mapajani.

"Rangi imeachia," akasema. "Mkono umeniisha."

"Labda ni unyevu, shangazi."

Ndivyo nilivyomjibu, Mungu ananisikia. Kuanzia hapo hakushika brashi tena. Kwenye sala ya jioni alikuwa akiomba asamehewe kwa kujivunia mikono yake, na kusema kwamba Mungu alikuwa amemfundisha unyenyekevu. Nami, niliyepiga magoti ubavuni pake, nikaitikia amina. Miaka miwili niliitikia hivyo, na bado nilikula mezani kwake.

Msibani jirani mmoja akasema, "Maskini, alikuwa fundi, ila mkono ulimwisha mapema." Wote wakatikisa vichwa. Nikamwita binti wa shangazi jikoni, nikampa ile kalibu niliyokuwa nimeificha muda wote huo. Akaifungua karibu na dirisha. Uso wa baba yake ulikuwa mle, umegeuka kinyume, rangi haijapauka hata kidogo.

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo mama hakukosea kitu."

"Hakukosea."

"Ungemwambia, ungepungukiwa nini?"

Hata sasa nikisali, jibu la swali hilo silipati.

"Haya, dada," nikasema, "waambie wewe, mimi siwezi."

"Sikusemei. Mdomo uliomdanganya mama yangu ni wako."

Nikaingia sebuleni, nikasimama katikati ya waombolezaji, nikasema yote, macho kwenye zulia. Yule jirani akaweka kikombe chake chini. Nilipomaliza, hakuna aliyenisogezea kiti.