Jaketi Nne Zenye Alama Nzuri

Jambo lote liligharimu shilingi elfu moja mia mbili na arobaini, jaketi nne za kuelea, na kiti changu kwenye mtumbwi. Nimehesabu mara mbili. Mara ya pili haikupungua.

Klabu yetu ya kupiga makasia iko Homa Bay, ufuoni, mahali ambapo zamani palikuwa pa kuoshea pikipiki. Sasa panaoshewa pikipiki na pana klabu. Tuna mtumbwi mmoja mrefu wa viti saba na makasia tisa. Tulikuwa pia na jaketi kumi na mbili, zote za rangi ya machungwa, zote za aina moja, tulizozinunua baada ya kuuza mandazi karibu mwaka mzima. Sisi ni wanawake saba, na mdogo wetu ana watoto wawili. Kocha wetu ni mwalimu mstaafu, tunamwita Mwalimu, na ana sheria moja tu: asiye na jaketi nzima haingii majini, hata kama maji yenyewe yanamfika magotini.

Mimi nilipewa stoo. Nauza mitumba sokoni, na mtu anayefungua beli ya nguo kila wiki hujifunza kuhesabu kabla ya kusalimia. Isitoshe, kikundi cha akina mama kanisani kilikuwa kimenikabidhi viti vya plastiki vya kwenda matangani, viti mia moja, na miaka sita baadaye bado vilikuwa mia moja. Kwetu kiti kikienda matangani kisirudi, hiyo si habari. Habari ni kile kinachorudi.

Basi klabu ya Muhuru, upande wa Migori, ikaja tufanye mazoezi pamoja. Wao nao jaketi zao ni za rangi ya machungwa. Jioni wakaondoka, nikahesabu zetu: kumi na mbili. Nikahesabu tena: kumi na mbili. Nikafunga stoo nikaenda kula nikiwa nimeridhika na nafsi yangu.

Jumanne ndipo tulipoona kwamba mbili kati ya hizo kumi na mbili zilikuwa na vifungo vilivyovunjika, na moja ya hizo mbili ilikuwa imeshonwa begani kwa uzi wa nyavu. Zetu hazijawahi kushonwa uzi wa nyavu.

"Ulihesabu nini?" Mwalimu aliniuliza.

"Jaketi."

"Za nani?"

Hilo sikuwa nimelihesabu.

Zile mbili chakavu akaziweka kando. Zikabaki kumi. "Weka alama kila kitu," akasema. "Makasia, jaketi, vyote. Lakini usiharibu kitambaa. Mashindano ni Jumamosi ijayo, na wakaguzi wa majini watashika kila jaketi kwa mkono."

Nikamwambia asinifundishe kuweka alama. Alama nilikuwa nimeshaweka mia moja.

Viti vya matanga tunaviwekea alama hivi: unachukua rangi ya mafuta, unaichanganya na petroli kidogo ili ikauke haraka, unaandika mgongoni mwa kiti. Asubuhi baada ya maziko, viti vya makanisa matatu na vikundi viwili vimechanganyika kama mahindi na maharagwe, na kila mmoja anatafuta herufi zake. Kiti kisicho na herufi ni cha aliyeamka mapema. Rangi hiyo haitoki kwa jua, haitoki kwa mvua, haitoki kwa mama wa kanisa lingine mwenye kisu. Nina uhakika na huyo wa kisu.

Nikanunua kopo la robo lita, la bluu. Mwenye duka alitaka mia nne, nikampa mia tatu na hamsini na lawama. Petroli nilinunua kwa kijana wa bodaboda, kwenye chupa ya soda.

Niliandika herufi mbili za klabu kwenye mgongo wa kila jaketi, kubwa, zikiwa zimenyooka. Nilipomaliza ya nne rangi ilikuwa imeanza kuwa nzito na mkono umechoka, nikasema sita zilizobaki nitamalizia kesho. Uvivu huo ndio kitu pekee cha maana nilichoifanyia klabu wiki hiyo.

Asubuhi herufi zilikuwa zimekauka vizuri sana. Tatizo lilikuwa jaketi. Ya kwanza mgongo wake ulikuwa umenywea, kitambaa kimejikunja kama vidole vya mtu aliyefua blanketi. Nilipobonyeza, sponji ya ndani haikurudi. Palibaki bonde, lenye umbo la herufi zetu. Zile tatu nyingine zilionekana nzima, ila zilinuka kituo cha mafuta.

Nilimwita Mwalimu. Alizishika moja moja, akazinusa.

"Hivi vilikuwa viti?" akauliza.

"Hapana, Mwalimu."

"Mtu anakalia hii?"

"Hapana."

"Hii inamkalisha mtu juu ya maji. Ndani ni sponji. Petroli inaila sponji, na uzi, na kitambaa."

Tulifunga kila jaketi kwenye mfuko wa mchanga wa kilo tano tukazitupa majini kutoka gatini. Ya kwanza ilizama bila kuaga. Tatu zilielea. Nikashangilia. Mwalimu hakushangilia.

"Zimeelea leo," alisema.

"Leo ndipo tulipo."

"Na Jumamosi? Na mwezi ujao? Ungemvalisha dada yako?"

Nina dada mmoja. Tuna ugomvi wa kiwanja. Hata hivyo nilifikiri, nikasema hapana.

Basi nne zikatoka. Kumi kutoa nne ni sita, na sisi tulikuwa saba. Hakuna aliyeniangalia, jambo ambalo ni baya kuliko kuangaliwa.

Dawa ilikuwa kuzipata zile mbili zetu zilizokwenda Muhuru. Mtunza stoo wao huja Migori mjini siku ya soko kuuza omena, wale dagaa wa ziwani, nami nikamwomba kwa simu azilete. Nikasafiri Jumatano ya wiki ya mashindano na zile mbili zao chakavu ndani ya gunia, na moja yetu nzima mkononi, ya kulinganisha. Nilikuwa nimepanga maneno: nianze na malalamiko, nipande hadi fidia, nishuke polepole hadi jaketi mbili. Ukitaka mbili, omba nne.

Nilimkuta nyuma ya beseni zake tatu, mama mnene mwenye sauti ya kwaya.

"Nyamera, dada yangu, nimekuletea mali yako," nikasema, nikamwaga gunia. "Na fidia ya kunichosha sijaitaja bado."

"Usiitaje," akasema. "Na mimi nimekuletea yako."

Akazitoa chini ya meza. Zilikuwa zetu, vifungo vilikuwa vizima. Mgongoni zilikuwa na herufi za klabu yao, kwa rangi ya mafuta, nyekundu, zimenyooka kuliko zangu. Na migongo yote miwili ilikuwa imenywea.

Niliinusa moja. Sikuwa na haja ya kuinusa ya pili, lakini niliinusa.

"Petroli?" nikauliza.

"Kidogo tu. Ikauke."

"Unatunza viti vya kanisa?"

"Mia moja na hamsini," akasema kwa fahari. Halafu akanitazama vizuri. "Na wewe?"

"Mia."

"Uwi! Ngapi zimekufa kwako?"

"Nne. Kwako?"

"Tano, na hizi zako mbili. Kocha wetu hajanisemesha tangu Jumapili."

Hapakuwa na la kupatana bei. Tulikubaliana kila mmoja abaki na alichoharibu, akanipimia omena na kuongeza konzi mbili juu ya kipimo, nami sikuomba ya tatu. Mtu asiyenijua hawezi kuelewa ukubwa wa huzuni hiyo.

Pembeni mwa soko kuna fundi wa kushona mabegi. Nilimwonyesha jaketi yangu moja nzima, nikamuuliza angeishonea wapi jina. Akaigeuza, akanirudishia.

"Sishoni hapa, mama. Sindano ikitoboa, maji yanapata mlango." Akavuta utepe mgumu kama wa mkanda wa begi, akaupitisha kwenye kitanzi cha bega la jaketi, akaukunja. "Andika kwenye utepe kwanza. Halafu utepe ushonwe kwa utepe. Jaketi isiguswe."

Dakika mbili. Nilimlipa alichotaka bila kubishana, akaogopa, akahesabu hela mara mbili.

Sita zote zikapata utepe na namba. Makasia tuliyazungushia tepu ya umeme ya bluu shingoni, maana tepu hutoka ukitaka itoke.

Jumamosi wakaguzi walishika jaketi sita, wakasifu utepe. Wenzangu wakaingia mtumbwini. Kwenye kiti changu, cha tatu kutoka mbele, waliweka magunia mawili ya mchanga ili mtumbwi usiyumbe.

"Usijali, nyamera," mwenzangu wa kiti cha nyuma akanipigia kelele, "yanapiga kasia kama wewe tu!"

Tulikuwa wa tatu kati ya klabu nne. Wengine husema magunia yalituchelewesha. Wengine husema ningekuwamo mimi tungekuwa wa nne. Nilibaki ufuoni, nikawahesabu wakienda, sita, nikawahesabu wakirudi, sita, mara mbili.

Jaketi tatu bado ziko stoo, zimetengwa, zina alama nzuri kuliko kitu chochote cha klabu. Kila Jumanne nazitupa gatini na mfuko wa mchanga, na kila Jumanne zinaelea. Mwalimu hupita, hutazama, huuliza habari za dada yangu.

Kwa hiyo nauliza, na sioni haya. Kama kuna mtu anayezijua jaketi hizi, anayezishona au anayezikagua: nitajuaje kwamba moja iliyoguswa petroli alasiri moja bado ni nzima, isiwe tu imeelea? Aniambie ukweli, hata kama ni hapana. Ila asinishauri kitu ambacho hajakijaribu kwanza kwenye jaketi yake mwenyewe.