Faini ya Rubisi

Mume wangu alichaguliwa kuwa mwenyekiti wa kazi ya daraja kwa sababu hanywi. Hilo peke yake lingetosha kutuonya, maana huku kwetu Keza mtu asiyekunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, huheshimiwa sana na kusikilizwa kidogo. Tulimpigia makofi nje ya kanisa baada ya misa. Akasimama, kofia mkononi, akasema tutamaliza kabla ya mvua za vuli. Niliona fahari siku ile. Leo nikiyakumbuka makofi yale, natamani mzigo ule tungempa mtu mwingine.

Daraja lenyewe si la kumshangaza mtu wa mjini. Ni la magogo ya mikaratusi, juu ya kijito kinachopita bondeni kati ya makazi yetu na barabara. Kiangazi unakivuka na ndala mkononi. Vuli ikishaanza kinakuwa mto wa kweli, pikipiki zinaishia upande wa pili, na mgonjwa anavushwa kwenye machela ya miti na kamba, mabegani mwa wanaume. Binti yetu alikuwa na mimba yake ya kwanza. Mumewe alikuwa Biharamulo kwenye machimbo ya dhahabu, kwa hiyo alirudi ajifungulie kwetu, na siku zake zingeangukia katikati ya mvua. Kila jiwe alilobeba mume wangu, alimbebea yeye. Hakulisema hilo mbele ya watu, lakini nyumbani tulilijua wote.

Tulikubaliana kazi iwe kila Jumamosi, kila nyumba itoe mtu. Atakayekosa atatozwa faini ya dumu la rubisi, na atalileta palepale kazini Jumamosi inayofuata. Hii ni desturi yetu ya siku nyingi: ukiwakosea wenzako kazini unaomba radhi kwa pombe, mnakunywa pamoja, kinyongo kinaisha. Mume wangu ndiye aliyeitangaza sheria hiyo, yeye asiyejua hata rubisi nzuri inanukiaje.

Mwanzoni watu walijaa. Mawe yalishuka kutoka mlimani, nguzo za pande zote mbili zikaanza kupanda. Halafu fundi cherehani akakosa. Jumamosi iliyofuata akaja na dumu lake, na rubisi yenyewe ilikuwa imeiva vizuri, tamu yenye kuchoma kidogo kooni. Tulikaa kwenye nyasi, kazi ikasimama asubuhi ile na haikuendelea tena siku nzima. Nami nilikunywa, sitajifanya mtakatifu. Wiki iliyofuata wakakosa wawili. Usidhani walikuwa wavivu. Waliona wanatufaa zaidi kwa dumu kuliko kwa sururu. Ikafika mahali anayekuja na pombe anapokewa kwa vigelegele, na anayekuja na jembe anaulizwa, "Na wewe utakosa lini?"

Mume wangu alikuwa akikaa pembeni na karai lake, akisubiri tumalize kunywa. Alisubiri Jumamosi nyingi mno. Mwishowe akaitisha kikao.

"Ndugu zangu," akasema, "tumekuja kujenga daraja au tumekuja kunywa?"

Watu wakacheka. Yeye hakuwa anatania.

"Mwenyekiti," akasema jirani yetu mmoja, mzee ambaye rubisi yake inasifiwa mpaka Nyakisasa, "mtu amekosa, amelipa, tumekunywa. Unamdai nini tena?"

"Namdai mawe yake, mzee."

Akapendekeza tuache pombe. Anayekosa aje siku nyingine, peke yake, abebe mawe aliyoyaacha. Kwetu mtu haachwi afanye kazi peke yake huku wenzake wanapita wakimtazama. Anayefanyiwa hivyo ni aliyetengwa, yule ambaye hata moto haendi kuomba kwa jirani. Mimi mwenyewe niliona mume wangu amekwenda mbali. Yule mzee akamjibu kwa upole, "Hapana, mwanangu. Sisi si watu wa kumtenga mtu." Kikao kikaishia hapo.

Basi akaanza kwenda peke yake, kila asubuhi. Nilimwambia, "Baba watoto, unajiaibisha. Watu watadhani tumekutenga wewe."

"Wadhani," akasema, akachukua sururu.

Waliokuwa wanapita na mbuzi wao walisema "pole na kazi" na kuharakisha, macho chini. Badala ya aibu kuwaleta, iliwafukuza kabisa. Hata Jumamosi wakawa hawaonekani. Binti yetu ndiye aliyekuwa anampelekea uji. Alikaa ukingoni, tumbo limemtangulia, akimsogezea vijiwe vidogo vya kuzibia nafasi. Baba yake akimkataza, anacheka. "Niache, baba. Si daraja langu hili?"

Nguzo zilimalizika, nakuambia, kwa mikono ya mtu mmoja. Lakini gogo la mkaratusi halinyanyuliwi na mtu mmoja. Magogo yalikuwa yamelala kwenye nyasi palepale mvua ilipoanza.

Uchungu ulimshika binti asubuhi, baada ya mvua kubwa. Mume wangu alitoka uani akaita mara moja tu. Wakaja wote. Fundi cherehani alikuja, wana wa yule mzee walikuja, na wengine ambao sikuwa nimewaona bondeni tangu mavuno ya maharage. Jambo hili linaniuma mpaka leo. Kwenye machela hakosi mtu huku kwetu, na hakuna faini, kwa sababu hakuna aliyewahi kufikiria kwamba itahitajika.

Waliingia majini mpaka kifuani, machela wameiinua juu ya vichwa. Katikati maji yakawashinda, wakarudi, wakatafuta pengine pa kuvukia, mbali chini. Bodaboda alikuwa ng'ambo anatusubiri, tunamwona. Na zile nguzo tuliziona pia, zimesimama kila moja upande wake. Yule mzee alikuwa amenishika mkono ukingoni. "Jikaze, mama," alikuwa akisema.

Mwishowe tulivuka. Mtoto alizaliwa kwenye kituo cha afya, wa kiume, na hakulia. Muuguzi alisema tungefika mapema kidogo ingekuwa vingine. Hakuwa na ubaya, lakini laiti asingelisema. Binti yetu alipona. Alipoamka kitu cha kwanza alichouliza ni kama baba yake amekula.

Tulimzika mtoto kwenye shamba la migomba nyuma ya nyumba. Siku chache baadaye nikasikia sauti za watu bondeni, mvua inanyesha. Nikaenda kuchungulia. Walikuwa wote, wamelowa, wanapandisha magogo bila wimbo. Walirudi kesho yake, na kesho yake tena, hawakungoja Jumamosi. Mume wangu hakutia mguu. Alikaa jikoni na binti yake, akichochea moto usiohitaji kuchochewa.

Siku walipogongomelea msumari wa mwisho, aliondoka nyumbani mapema. Nilimkuta bondeni. Alikuwa amebeba dumu la rubisi, sijui alilinunua kwa nani. Wakampisha njia. Akaliweka katikati ya daraja jipya.

"Nimekosa kazi," akasema. "Hii ni faini yangu."

Hakuwa anawasuta. Namfahamu, alimaanisha hivyo hasa: sheria ni sheria, na safari hii aliyekosa alikuwa yeye peke yake. Fundi cherehani aligeuka akaegemea mti. Hakuna aliyesogea, hakuna aliyeligusa. Jioni yule mzee alilibeba akalirudisha kwetu, likiwa bado limejaa, akaliacha mlangoni bila kubisha hodi.